Kijana Asiyechukua Upande Vitani: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Riwaya ya Kihistoria

Maswali haya yametoka kwa waandishi vijana ambao nasoma miswada yao hapa Nakuru, na wengine wanaoniandikia kutoka Kisumu, Kisii na Kakamega. Wengi wanaandika juu ya vita vilivyopita nyumbani kwao: vya 1905, vya 1914, vya miaka ya hamsini. Na wengi wanakwama pahali pamoja. Mhusika wao mkuu ni kijana wa miaka kumi na mitatu au kumi na sita, pande mbili zinamvuta, yeye hataki kuwa wa yeyote, na msomaji haambiwi kinachomfanya akatae.

Kijana kama huyo si mwoga tu?

Anaweza kuwa mwoga, na woga si haramu katika riwaya. Lakini kuna namna ya kumpima. Mhakikishie usalama. Mwandikie tukio ambalo chifu anamwambia, "Mwanangu, ukiwa nasi hakuna atakayekugusa," na ahadi hiyo iwe ya kweli. Mwoga atakubali papo hapo. Kijana aliyedhulumiwa atakataa, kwa sababu anamjua vizuri anayemwahidi. Ameona mkono huohuo ukifungua boma la mama yake na kutoa ng'ombe.

Kama mhusika wako angekubali, basi unaandika riwaya ya woga, na hiyo ni kazi halali. Ila usiipe sura ya msimamo.

Dhuluma ngapi zinatosha kumtoa kijana vitani?

Mbili, zikipangwa vizuri. Hili ndilo jambo ninalolirudia zaidi ninaposoma miswada, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Dhuluma ya kwanza haimfanyi mtu asiwe na upande. Inampa upande. Setla akimtimua baba yako shambani bila mavuno, utamchukia setla na utawatafuta wanaopigana naye. Hapo kijana yuko vitani kabisa, moyo unawaka, na msomaji yuko pamoja naye. Ya pili ndiyo inayomtoa, na lazima itoke kwa wale aliowakimbilia. Wanamchapa mjomba wake kwa kusitasita kula kiapo. Wanachukua unga wa nyanya yake usiku na kumwita msaliti akilia. Sasa hana pa kukimbilia. Si kwamba hajali. Alijali mara mbili, na mara zote mbili akaumizwa.

Makosa ninayoyaona ni ya mpangilio. Mwandishi anaweka dhuluma zote mbili katika sura ya kwanza, moja kila upande, zimelingana, kisha kijana anatangaza kwamba wote ni wabaya. Msomaji hawezi kuamini msimamo uliopatikana kwa bei rahisi hivyo. Mpe nafasi ya kupenda upande mmoja kwanza. Apeleke ujumbe msituni, au avae kofia ya kaka yake askari mbele ya kioo. Ndipo umnyang'anye.

Na dhuluma iwe ndogo, iwe ya karibu. Kitabu cha historia kitaandika kuhusu sheria na operesheni. Kijana anakumbuka kwamba ndama aliyechukuliwa ndiye aliyekuwa ameahidiwa kuwa wake.

Mimi ni wa Nyanza au Magharibi. Vita vyenye mvutano kama huo viko wapi kwetu? Vitabu vingi ni vya Mlima Kenya.

Viko vingi mno, na vinanisikitisha kwa jinsi vilivyoachwa.

Chukua Kisii, Septemba 1914. Kikosi cha Wajerumani kinavuka kutoka kusini, kinaingia mjini, Waingereza wanaondoka, mapigano yanafanyika karibu na mji, Wajerumani nao wanarudi nyuma. Katikati kuna siku chache ambazo hakuna serikali. Wenyeji wanavunja ofisi, maduka na misheni. Waingereza wakirejea wanachoma nyumba na kutwaa ng'ombe kama faini. Sasa mweke hapo kijana wa miaka kumi na minne. Alikuwa mtoto mdogo mwaka wa 1908, mpiganaji Otenyo alipomchoma mkuki ofisa wa Kiingereza Northcote na jeshi likaja kulipiza kisasi kwa moto. Anajua serikali hiyo ni nini. Lakini Mjerumani hakumletea chochote ila bunduki nyingine, na jirani zake wenyewe wamempora Mhindi mwenye duka aliyempa mama yake chumvi kwa mkopo. Aseme "ndiyo" kwa nani?

Vita hivyohivyo vikaleta Kariakoo, kikosi cha wapagazi wa jeshi. Nyanza ilitoa wapagazi wengi sana kuliko sehemu nyingi za nchi, na machifu ndio walioambiwa walete idadi. Hapo ndipo dhuluma inapoingia nyumbani: nani anapelekwa? Yatima. Mtoto wa mjane. Mtoto wa yule aliyegombana na chifu juu ya mpaka wa shamba. Takwimu rasmi zenyewe zinakubali kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, nimonia na malaria, wakila unga ambao haukuiva vizuri, katika nchi wasizozijua. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwahi kufika kwa jamaa zao. Kisha waliorudi wakakuta kipande kikiwangoja, kitambulisho cha kuvaa shingoni, na kodi imepanda. Mwezi wa Desemba 1921, watu walipokutana Lundha kule Gem kulalamikia mambo haya, walikuwamo wanaume ambao miaka michache kabla walikuwa vijana waliobebeshwa mizigo ya vita visivyowahusu.

Rudi nyuma zaidi, 1895. Wabukusu wako ngomeni Lumboka na Chetambe, na wanaowashambulia pamoja na Waingereza ni watu wa Mumia, mfalme wa Wawanga, na wapiganaji wengine wa Kiafrika. Kijana wa Mumias ambaye mama yake aliolewa kutoka Bukusu ana riwaya nzima tumboni mwake. Halafu nenda mbele, miaka ya hamsini, kwenye ziwa. Serikali iliwafunga watuhumiwa wa Mau Mau katika visiwa vya Mageta na Saiyusi. Kijana mvuvi wa Usenge alikuwa akiwaona wanaume hao wa mbali wakifanya kazi juani, katika kisiwa chenye mbu wengi. Ameambiwa ni wauaji. Mmoja anamwomba maji kwa Kiswahili kizuri na kumwita "mdogo wangu". Hiyo sijaisoma popote. Naomba mtu aiandike.

Na sisi wa Nakuru?

Olenguruone. Mtu wa Nakuru hahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo.

Mwaka wa 1941 serikali iliwapa makazi hapo familia za Wakikuyu zilizokuwa zimeondolewa mahali pengine. Wao waliamini wamepewa ardhi kama fidia. Serikali ilisema ni wapangaji, ikawawekea masharti juu ya kulima, kufuga na hata kurithi. Walikataa. Wakala kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na watoto. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, na wengi wakapelekwa Yatta, nchi kavu. Na kwa upande mwingine kulikuwa na Waogiek na Wamaasai, ambao nao waliijua ardhi hiyo kuwa yao.

Kijana wa hapo anaona nini? Anaona serikali ikivunja neno. Lakini pia anaona jirani ambaye baba yake alikubali masharti akitengwa kisimani, watoto wake hawachezi na mtu. Anaona mtoto wa Kiogiek msituni, mwenye umri kama wake, ambaye hakuna mkutano hata mmoja uliotaja jina la kwao. Dhuluma ya kwanza ni kubwa, imeandikwa katika kumbukumbu. Hizi nyingine mbili ndizo zitakazomfanya anyamaze wenzake wanapoimba.

Pia kuna mashamba ya Subukia, Bahati, Njoro na Elburgon baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952. Makumi ya maelfu ya maskwota, wafanyakazi walioishi kwenye mashamba ya masetla, walipakiwa kwenye malori na treni na kurudishwa Kiambu, Murang'a na Nyeri, mahali ambapo vijana wengi waliozaliwa Bonde la Ufa hawakuwahi kukanyaga. Huko wakaambiwa si wenyeji. Mhusika wako akifika kwa baba yake mkubwa na kuonyeshwa pa kulala jikoni kwa uso wa hasira, mpaka unga ukapimwa kwa kikombe, andika sura hiyo polepole.

Je, kumwandika kijana asiye na upande katika vita vya Mau Mau si kumtetea mkoloni?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo naiheshimu. Inaweza kuwa kumtetea. Nimesoma miswada iliyofanya hivyo bila mwandishi kujua.

Kijana anaweza kukosa upande. Wewe uliyeshika kalamu huna ruhusa ya kusawazisha hesabu. Mahakama za mkoloni ziliwanyonga Waafrika zaidi ya 1,000 katika miaka hiyo. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vyenye mitaro na walinzi. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kambini Hola, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai vifo vilihusiana na maji waliyokunywa. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza yenyewe ilikubali kutoa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya wazee 5,228, na kueleza masikitiko yake kwa mateso waliyopata. Huwezi kuweka haya kwenye mizani pamoja na unga wa nyanya ulioibwa, ukasema pande zote zilikosea.

Lakini unga wa nyanya uliibwa. Na Lari ilitokea. Usiku wa 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau walichoma nyumba za familia za chifu na homugadi, walinzi wa Kiafrika waliokuwa upande wa serikali, na wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Askari na homugadi wakalipiza kisasi, wakawaua watu wengi pia. Usiku huohuo, kituo cha polisi cha Naivasha kilivamiwa, bunduki zikachukuliwa na wafungwa wakaachiliwa, na mtu wa Naivasha angeweza kuamka asubuhi akiwa na furaha kwa habari moja na machozi kwa nyingine. Mtoto aliyenusurika Lari haongozwi na takwimu. Anaongozwa na alichokiona.

Kwa hiyo kazi yako ni kumfanya msomaji aone mbali kuliko kijana. Kijana yuko ndani ya ua wake. Msomaji amesimama nyuma yake na kuona barabara yote. Acha kijana aone lori lenye waya likipita kila Jumanne bila kujua linaelekea wapi, msomaji atajua. Acha amsikie setla akimpa mama yake pole ya kweli, kwa sauti ya upole, huku mama amesimama kwenye ardhi ambayo nyanya ya kijana alinyang'anywa. Msimamo wa kijana utabaki wake. Ukubwa wa uovu utabaki ulivyo.

Nitumie nafsi ya kwanza au ya tatu?

Ya kwanza inavutia kwa sababu msomaji anaingia kifuani mwa kijana. Hatari yake ni kwamba kijana ataanza kueleza msimamo wake kama mwanasheria. Ukichagua ya kwanza, mfanye asimulie mambo na akwepe maoni. Nafsi ya tatu inafaa zaidi ukitaka ule mwono mpana niliousema juu. Mimi napenda ya tatu iliyo karibu sana na kijana. Wengine wanafanya vizuri zaidi kwa ya kwanza, na sina ugomvi nao.

Naweza kuijenga hadithi juu ya methali ya fahali wawili na nyasi?

Usiijenge. Nyasi hazifikiri, hazikatai, wala hazina siku zilipopenda fahali mmoja. Mtu mzima katika hadithi anaweza kuitamka. Kijana aisikie na ichukize masikio yake, maana inamwambia kazi yake ni kukanyagwa.

Vitabu vya vita vya Marekani tunavyosoma shuleni vinatusaidia?

Vinasaidia, kwa sababu vinaonyesha kwamba hata vita tunavyofundishwa kuvisifu viliacha watu kama hawa. Katika Vita vya Uhuru wa Marekani, vilivyoanza 1775, majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe na nafaka za wakulima. Waingereza waliwafunga watu katika meli mbovu bandarini New York, na maelfu wakafa humo kwa njaa na magonjwa. Nao wapigania uhuru, Februari 1779, kambini mwa Jenerali Putnam huko Redding, Connecticut, walimnyonga mtu mmoja kwa ujasusi na kumpiga risasi askari wao mwenyewe kwa kutoroka, ili wengine waonywe. Kijana wa Redding aliyesikia milio hiyo alikuwa na swali lilelile la kijana wa Olenguruone.

Chukua funzo la ufundi na uache mandhari. Nimepokea hadithi ya Molo yenye theluji.

Mhusika wangu ni msichana. Kuna tofauti?

Kubwa. Mvulana huombwa achague. Msichana mara nyingi haombwi chochote, anatumwa. Anapika chakula kinachopelekwa msituni jioni, na asubuhi analimishwa mtaro na homugadi. Pande zote mbili zinamtumia bila kumuuliza anaamini nini. Kwa hiyo kwake kukosa upande hakuanzi na kukataa. Kunaanza siku anapogundua kwamba hakuna aliyewahi kutaka jibu lake.

Na kuna dhuluma ambazo pande zote humtendea msichana vitani, ambazo wazee huzifunika kwa kusema "mambo yalikuwa mengi". Ziandike kwa heshima. Usizitumie kumshtua msomaji ili kijana wa kiume apate sababu ya kukasirika. Kama dhuluma ilimpata yeye, sura hiyo ni yake.

Usimfanye mpole wakati wote pia. Kisii ilikuwa na Moraa wa Ngiti, aliyemchochea Otenyo dhidi ya Waingereza. Msichana wa kijiji cha Moraa angekua akisikia sauti ya mwanamke ikiita vita, kisha akaona nyumba zikiungua. Anaweza kumpenda Moraa na kumlaumu siku hiyohiyo.

Kukosa upande kumgharimu nini?

Lazima kumgharimu, na gharama ije kutoka pande zote. Homugadi watamshuku, wa msituni watamshuku, mama yake atamwonea aibu kanisani. Kama anaishi salama mpaka mwisho, msomaji ataona kwamba ulimpendelea. Gharama kubwa kuliko zote ni rafiki. Mwondolee rafiki mmoja ambaye alichagua upande kwa sababu nzuri, na usimfanye rafiki huyo mjinga.

Utafiti nifanye wapi? Babu hataki kusimulia.

Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa iko Nairobi, lakini ina vituo vya kumbukumbu pia Kisumu, Nakuru na Kakamega. Uliza barua za wakuu wa wilaya na ripoti za mwaka. Kumbuka aliyeziandika alikuwa upande mmoja. Faini ya ng'ombe itaandikwa humo kama jambo la kawaida, mstari mmoja, baina ya mvua na bei ya pamba. Mstari huo ndio unaoutafuta.

Kuhusu babu: aliyekuwa na miaka kumi na mitatu mwaka wa 1953 sasa amepita themanini. Usimuulize alikuwa upande gani. Swali hilo liliwahi kuulizwa na watu wenye viboko, wakiliita skriningi. Muulize walikula nini. Muulize ng'ombe waliitwaje, nani alikuwa na baiskeli, shule ilifungwa mwezi gani. Mwambie, "Babu, nisimulie njia mliyokuwa mkipita kwenda kuteka maji." Njia ile itapita mahali fulani ambapo atanyamaza. Usimsukume hapo. Rudi siku nyingine, na umpelekee sukari.

Mwisho uweje? Achague upande hatimaye?

Akichagua, iwe kwa ajili ya mtu, siyo kwa ajili ya hotuba. Asipochagua, asipewe zawadi. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, wengi waliokuwa katikati hawakuwa na cha kudai: hawakupigana, na hawakuwa watiifu kwa serikali iliyokuwa ikigawa mashamba. Mwache hapo, akiwa na miaka ishirini na kitu, akipanga foleni ya ardhi nyuma ya mtu aliyemchapa mjomba wake na mbele ya mtu aliyechukua ng'ombe wa mama yake.

Naweza kuandika kuhusu 2007 na 2008 kwa njia hii?

Unaweza, lakini kwa tahadhari kubwa. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi, iliandika kwamba zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na kwamba wengi wa waliouawa Kisumu walipigwa risasi na polisi. Hapa Nakuru na Naivasha, mwezi wa Januari 2008, majirani waliwaua majirani. Kijana wa Naivasha mwenye mama Mjaluo na baba Mkikuyu hakuhitaji mwandishi amtungie mvutano. Waliokuwa vijana hao sasa ni watu wa miaka thelathini, wananunua mboga soko moja na waliowafukuza. Waonyeshe mswada watu wa jamii zote mbili kabla ya mhariri, na ukubali kubadilisha.

Familia ya homugadi wa kijiji chetu bado ni majirani zetu. Nitumie majina halisi?

Hapana. Badilisha jina, badilisha kilima, badilisha rangi ya nyumba, na umpe idadi tofauti ya watoto. Kisha nenda nyumbani kwao kabla kitabu hakijatoka, kaa, kunywa chai, na uwaambie umeandika nini. Wakikueleza jinsi baba yao alivyolazimishwa kushika ule mkuki, sikiliza mpaka mwisho. Huenda ukahitaji kuandika sura ya sita upya.